Siku Gobori Lilipokataa Kulia

Jina la Baruti sikujipa mwenyewe. Nyinyi vijana wa hapa Mowlem mkipita mnanisalimu, "Niaje, Mzee Baruti," halafu mnacheka, mnadhani niliwahi kuwa askari, au jambazi aliyeokoka. Juzi mmoja wenu mwenye kamera shingoni akaniuliza nilipigana vita gani. Vita! Mimi Barasa hata kuku namchinja nimefumba macho. Kazi yangu ilikuwa kushindilia bunduki za kizamani kwa ajili ya watu wa sinema. Na kwa kuwa nawaona mkipiga picha zenu hapa mtaani, mmeshika bunduki za mbao mnaelekezeana usoni, nimeona niwaambie machache kabla hamjashika za kweli. Mengine yananitia aibu mpaka leo, lakini mtayasikia hivyo hivyo.

Miaka ya tisini Wazungu wa picha walikuwa wakija kutengeneza hadithi za zamani. Bwana mwenye kofia pana, msafara wa wapagazi nyuma yake, na bunduki ya kupiga ndege. Mambo ya simba waliyafuata mbugani. Yale ya mawe na vumbi waliyafanyia timboni, yale machimbo ya mawe nyuma ya Kayole. Kwenye sinema utaapa ni jangwa. Kumbe ukisogeza kamera kidogo tu unaona nguo za watu zimeanikwa, na mama anamwita mtoto akaoge.

Bunduki zenyewe zilikuwa magobori, yale yanayoshindiliwa kupitia mdomoni. Zilikodishwa na kampuni moja ya vifaa, zinakuja asubuhi na polisi wa kuzilinda, jioni zinarudi kufungiwa. Aliyenifundisha ni Mzee Njuguna, mtu wa Murang'a, mfupi, mlokole, aliyekuwa amezeekea kwenye duka la bunduki mjini. Hakunywa, hakuvuta, na ukiwasha sigara karibu na baruti yake alikufukuza na mdeki. Mdeki ndio ule ufito mrefu wa kushindilia. Aliwahi kumfukuza nao Mzungu mkubwa wa picha mwenyewe, na Mzungu akakimbia.

Sikilizeni basi jinsi kazi ilivyokuwa. Kwanza unaushusha mdeki mtupu ndani ya mtutu, utazame umeishia wapi. Mdeki una alama. Alama ikibaki juu ya mdomo, ujue ndani mna kitu, na mtu akimimina baruti juu ya baruti nyingine huyo anajichimbia kaburi. Kisha unamimina kwa kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe, maana cheche moja ikibaki ndani, pembe nzima inakulipukia mkononi. Juu ya baruti unaweka kizibo. Wawindaji wa zamani wangeongeza marisaa, zile chembe za risasi, na kizibo kingine juu. Sisi marisaa tulikatazwa kabisa. Kizibo chetu kilikuwa cha pamba laini. Lakini msidanganyike na pamba. Mzee Njuguna alichukua papai siku yangu ya kwanza, akalisimamisha juu ya jiwe, akalipiga kwa pamba tupu akiwa karibu. Tuliokota mbegu mbali kule. Akaniuliza, "Barasa, kichwa chako ni kigumu kushinda papai?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hilo ndilo litakalokuua."

Mwisho kabisa, bunduki ikiwa mkononi mwa mwigizaji, ndipo unavisha fataki, kale kakofia ka shaba kanakogongwa na nyundo ya bunduki. Na hapa ndipo pana sheria kubwa kuliko zote. Nyundo ikigonga na bunduki isilie, usidhani imekufa. Huenda moto umelala humo ndani unatambaa. Unaichukua, unaielekeza mahali pasipo na mtu, na unasali Baba Yetu pole pole mpaka Amina, halafu unarudia. Macho hayatoki kwenye mdomo wa bunduki. Akikuita nani, asikuite nani, macho hayatoki. Mzee Njuguna alisema hata Bwana Yesu akirudi saa hiyo, atangoja Amina ya pili.

Kuna siku nilisahau mdeki ndani ya mtutu. Msinicheke, wengi wamefanya hivyo, ila wengi hawana watu wa Kayole wakiwatazama. Mwigizaji akafyatua, mdeki ukatoka kama mkuki, ukapita juu ya turubai la jikoni ukatua katikati ya sufuria ya maharagwe. Ashukuriwe Mungu, mpishi alikuwa amekwenda msalani. Mchana kutwa watu walikuwa wakinikaribisha, "Barasa, njoo ule, nyama umepiga mwenyewe." Mzee Njuguna hakunigombeza hata kidogo. Alinipa mdeki uliopinda niubebe begani wiki nzima, kila nilikokwenda, hata kwenye foleni ya chai.

Tena kuna harufu. Baruti nyeusi huacha masizi mazito, na mtutu usipooshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kutu inaula. Maji yale yakiingia, mtutu unatoa harufu ya mayai viza, na harufu hiyo inaingia nywele, kucha, hata kitambaa cha suruali. Sasa nendeni nayo ukweni.

Nilienda nayo. Nilikuwa namchumbia Nekesa, ambaye ni mke wangu hadi leo, na kwao walikaa Kayole, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa akiuza omena karibu na stendi za Spine Road, na baba yake mdogo, Mzee Wekesa, ndiye aliyesimama kama mzazi kwenye maneno ya mahari. Siku ya kwanza kutambulishwa nilitoka kazini nimechelewa, nikajipaka mafuta tu nikaenda. Nimekaa kwenye kochi, mikono magotini, mpole kabisa. Mzee Wekesa akaanza kunusa. Akatazama chini ya meza. Akamwambia Nekesa, "Hebu angalia kama kuku ametagia humu." Nekesa akafungua dirisha huku ameuma mdomo asicheke. Mtoto wa jirani asiye na kosa akatolewa nje kwa kusingiziwa. Nami nilinyamaza, jamani, nikamwacha mtoto atoke.

Mama mkwe siku hiyo sikumwona, na hakutakiwa kuonekana. Sisi Wabukusu, kama hamjui, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, hutaji jina lake. Mkikutana njiani, mmoja anajitosa kichochoroni mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Iko desturi ya kuja kuilegeza baadaye, kwa blanketi na kondoo, lakini sisi tulikuwa hatujafika huko. Kwa hiyo siku hiyo alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na sauti yake niliisikia mara moja tu, akiuliza kama mgeni amepewa chai. Mahari ilielewana, harusi ya kanisani ikapangwa. Mzee Njuguna, ambaye kwao hawana mambo hayo, alinitania sana. "Barasa, huyo mama mkwe mnaogopana hivyo, ni mama au ni askari wa kanjo anayekamata wachuuzi?"

Sasa njooni timboni, siku yenyewe. Bado miezi michache harusi ifike.

Siku ile walihitaji wapagazi wengi, na nyapara alikuwa ameokota watu mtaani tangu alfajiri, wanaume kwa wanawake. Walifungwa shuka za kaniki, wakapewa mizigo ya kichwani, magunia yaliyojazwa maranda. Watu wa kujaza picha, hakuna aliyewatazama usoni. Mimi nilikuwa na gobori langu. Usiku kulikuwa kumenyesha manyunyu, asubuhi kukawa na baridi ya ukungu.

Upande wa kushoto lilisimama gari la ng'ombe na watu wa kamera. Kulia, msafara. Juu ya kingo za timbo, Kayole nzima, watoto wamening'iniza miguu. Mahali pa pekee palipokuwa wazi ni kipande chembamba cha ukuta wa mawe mbele yetu, tumekizungushia kamba. Huko ndiko bunduki ilikoruhusiwa kutazama, na si kwingine. Chini hapakufaa, palikuwa jiwe tupu lenye kokoto, na kokoto zikirushwa na baruti zinatoboa.

Bwana mwenye kofia akalenga ndege ambao hawakuwapo. Akafyatua. Nyundo ikagonga, ta! Kimya.

Nikaichukua kwake taratibu, mdomo kwenye ukuta, nikapiga kelele, "Kila mtu asimame!" Nikaanza Baba Yetu uliye mbinguni. Wenzangu wa kazi walisimama. Lakini wapagazi walidhani picha imekwisha, na bahati mbaya chai ilikuwa ndiyo imefika, na njia fupi ya kwenda kwenye chai ilipita pale pale ukutani. Wengi nyapara aliwazuia. Mmoja akawa ameshapita chini ya kamba, mwanamke, gunia kichwani. Akafika katikati, akainua macho, akaniona.

Nami nikamwona. Mungu wangu. Alikuwa mama mkwe.

Alifanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye adabu angefanya. Alidondosha gunia, akavuta shuka akajifunika kichwa na uso wote, akanigeuzia mgongo, akajibana kwenye ukuta. Hapo hapo, mbele ya mdomo wa bunduki. Na mimi, kwa desturi ile ile, shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe. Nawaambia kweli, ilikuwa inageuka. Nimelelewa hivyo. Kisha nikakumbuka kilichomo mkononi mwangu, nikairudisha.

"Mama, toka hapo!" Hakusogea. "Mama, nakuomba, toka!" Akazidi kujibana. Nikasogea kushoto nipate ukuta mtupu, naye akasikia hatua zangu, akateleza kushoto, maana alikuwa hanioni na alidhani nampisha upande wa pili. Nikaenda kulia, akaenda kulia. Watu wa kingoni wakaanza kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mzee Njuguna alikuwa mbali kwenye sanduku la baruti, anakuja mbio na miguu yake mifupi. Nikapiga ukelele ambao mtu hampigii hata mbwa wa jirani: "Wewe mama, kimbia! Kiziwi wewe?" Nilimwambia hivyo. Mama wa Nekesa.

Hakukimbia. Basi nikamwendea mimi. Nilikimbia nimeelekeza mtutu pembeni mwake hadi ulipompita, nikamsukuma kwa bega na nyonga arudi nyuma yangu. Akaanguka chali kwenye vumbi. Shuka ikamtoka yote, akabaki na kamisi yake, na kamisi hiyo ilikuwa imeshonwashonwa kwa uzi wa gunia. Kayole nzima ikapiga mluzi. Na mimi sikuweza hata kugeuka nimfunike, kwa sababu macho hayatoki kwenye mdomo wa bunduki. Nilisimama nimempa mgongo, namsikia akihangaika kuokota kitambaa, huku nikisema Baba Yetu kwa sauti, sijui nimefika wapi, nikisali huku machozi yananitoka.

Bunduki haikulia. Amina ya kwanza, Amina ya pili, kimya. Mzee Njuguna akaipokea, tukaivua fataki, baadaye tukaitoa baruti kwa mdeki wenye skrubu. Ilitoka imeshikana kama ugali wa jana. Turubai lilikuwa limevuja usiku juu ya mkebe wa baruti. Baruti ile usingeiwasha hata kwa makaa. "Umefanya sawasawa," Mzee akaniambia. "Ningekufukuza kazi ungefanya vingine." Nikamjibu, "Mzee, mimi nimemwangusha mama mkwe kwa ajili ya bunduki ya uji." Mama mkwe alikuwa ameshaondoka zamani, hata ujira wake hakuungoja.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Jioni hiyo Mzee Wekesa alituma neno kwamba harusi imesimama, na nisikanyage kwao mpaka siku ya kikao. Nekesa nilikutana naye kwenye bomba la maji. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ni kweli ulimwita kiziwi?" Nikasema ni kweli. Akachukua mtungi wake akaenda.

Kikao kikawa Jumapili baada ya kanisa. Nilikwenda na Mzee Njuguna kwa sababu wangu walikuwa mbali, Bungoma. Mzee Wekesa alikaa katikati na wazee wawili wa ukoo. Mama mkwe alikuwa chumbani, pazia limeshushwa. Mzee Wekesa akafungua: "Sisi tulimpa mtu binti. Yeye akaona hatoshi, akaja kumvua nguo mama yetu mbele ya Wazungu. Kuna mtu amewahi kusikia jambo hili?" Hakuna aliyewahi. Mimi nilitazama sakafu. Ningetamani ipasuke.

Mzee Njuguna akasimama kunitetea. Mlokole yule, mtu asiyedanganya hata bei ya sukuma wiki, akasema, "Wazee, bunduki ile ilikuwa karibu kulia. Huyu kijana amemwokoa mama." Nilimwona Nekesa mlangoni ameinua uso. Wazee wakatazamana, mmoja akaanza kuitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Ilikuwa imebaki ninyamaze tu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Muulizeni yeye mwenyewe. Ingelia?"

Sikuweza kumjibu yeye moja kwa moja, kwa hiyo nikawajibu wazee. Nikasema, "Haingelia. Baruti ilikuwa imelowa. Lakini hilo nililijua baadaye."

"Mnasikia!" Mzee Wekesa akapiga paja. "Bunduki bubu! Amemdhalilisha mama kwa bunduki bubu! Harusi hakuna!" Mzee Njuguna akafumba macho. Nekesa akaondoka mlangoni.

"Wekesa, hebu nyamaza." Ilikuwa ile sauti ya pazia, haikupanda wala kushuka. "Tangu siku ile mnapiga kelele za bunduki. Kuna mmoja wenu aliyeuliza mimi nilikuwa natafuta nini timboni?"

Nje mtu alikuwa akipiga deki, tunasikia ndoo.

"Omena hainunuliwi. Nilikwenda kutafuta unga. Huyo kijana nilimwona tangu asubuhi, nikawa najificha nyuma ya wenzangu, mpaka walipozuiwa nikabaki peke yangu. Mzigo ulikuwa mwepesi, si mzigo ulionishinda. Nilikuwa naogopa ajue kwamba mama wa mchumba wake anabebeshwa magunia ya maranda. Aliponiita nikasema, basi, anataka watu wanione. Ndiyo sababu sikutoka." Nikasikia akisogea karibu na pazia. "Yeye hakujua kama italia au haitalia, na alikuja mbele yake. Kondoo alete, na blanketi, hiyo ni desturi yetu. Harusi iko pale pale. Na mwambieni, siku nyingine nikisimama mbele ya bunduki anisukume tena. Ila shuka aishikilie."

Wazee waliangua kicheko, hata Mzee Wekesa aliishia kuficha uso kwa kofia. Mimi peke yangu sikucheka. Nyinyi mnaweza kudhani nilifurahi. Sikufurahi, niliona haya kuliko siku ya timboni. Miezi yote ile nilikuwa nakaa kwenye kochi lile nakunywa chai yenye maziwa, naletewa mayai, na sikuwahi kujiuliza chai hiyo inatoka wapi. Niligeukia ukuta nikalia kama mtoto, mbele ya wakwe zangu wote, na Mzee Njuguna akanipa leso yake.

Baadaye kondoo nilipeleka, blanketi nikapeleka, jekundu, zito. Lakini kabla ya hayo picha ilikuwa haijakwisha, na kesho yake Jumatatu tulirudi timboni. Wapagazi wakaja, nyapara akawapanga. Nikamwona mama mkwe kwenye mstari, shuka ameifunga mara mbili kiunoni kwa kamba ya katani, gunia kichwani, mgongo umenyooka. Hakuwa anajificha nyuma ya mtu. Msafara ukaanza kutembea, na njia waliyochorewa ilipita mbele yangu kabisa.

Nikamkabidhi Mzee Njuguna bunduki kwanza, nikahakikisha ameishika. Ndipo nikageuka, nikatazama ukuta mpaka akapita.